Mtoto Anayerudishwa Nyumbani: Malezi na Shule Kigonsera tangu Enzi ya Sengu

Kabla shule haijafika Umatengo, kwenye milima ya Mbinga mkoani Ruvuma, kusini mwa Tanzania, malezi ya mtoto yalikuwa na mahali pake na saa yake: sengu. Neno hilo hutaja mkusanyiko wa ukoo unaokula pamoja jioni nyumbani kwa mzee, na pia baraza linalofuata baada ya chakula. Kila nyumba iliyokuwa chini ya mzee huyo ilileta chakula chake. Wanaume na wavulana walikula upande wao. Wanawake na wasichana walikula upande mwingine na bibi. Chakula kikiisha, mambo ya siku yaliletwa mbele ya wote: nani amelima wapi, nani hasemi na nani, mbuzi wa nani wameingia shamba la nani, na mtoto gani amefanya nini. Mtoto mkaidi, mtoto mkimya kupita kiasi, mtoto aliyesahau kila alichotumwa, wote walikuwa habari ya ukoo mzima. Baba na mama hawakuachiwa mzigo huo peke yao, wala hawakuachiwa uamuzi.

Mashamba nayo yalikuwa sehemu ya malezi hayo. Wamatengo wanalima ngolo, yale mashimo ya mraba yanayofunika miteremko ya Mbinga kama sega la nyuki. Kilimo hicho kinahusishwa na karne ya 19, wakati mashambulizi ya Wangoni yaliposukuma watu juu milimani na kuwabana kwenye ardhi ndogo yenye mwinuko mkali. Mwaka 1938 A. W. Pike alikieleza katika jarida la Tanganyika Notes and Records kama mfano wa kuhifadhi udongo, na tangu hapo wataalamu wa ardhi wamekuwa wakipanda milima hiyo kukitazama. Mtu anayeandika juu ya malezi hukitazama kwa jicho jingine. Ngolo hujengwa kwa kazi nyingi ndogo zinazofuatana: nyasi hufyekwa, huachwa zikauke, hulazwa kwa mistari inayokatizana hadi miraba itokee, kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunika nyasi. Anayeshindwa kupanga mistari hufyeka. Asiyeweza kufyeka hubeba. Mtoto mzito wa kuelewa alijifunza hatua moja kwa msimu mzima akiwa kati ya watu wanaofanya hatua hiyo hiyo, na hapakuwa na siku ambayo mtu alisimama mbele yake na kumwambia kwamba ameshindwa.

Hata hivyo, sengu haifai kupambwa. Baraza linalojua kila kitu kuhusu kila mtoto linaweza pia kumwaibisha mbele ya binamu zake wote. Uamuzi wa wanaume ulikaa juu ya uamuzi wa mama, ambaye ndiye aliyeshinda na mtoto. Magonjwa ya akili na degedege yalitafutiwa sababu kwenye uchawi, laana au mizimu, na mara nyingi mtafutaji aliishia kumnyooshea kidole mwanamke fulani wa karibu. Lililo la kweli ni dogo kuliko sifa zinazotolewa leo: sengu haikuwa na tiba, ila ilikuwa na mashahidi. Mzazi hakukaa na tatizo la mtoto wake usiku kucha peke yake.

Wabenediktini wa St. Ottilien, Ujerumani, walifika Peramiho mwaka 1898, na mwaka uliofuata wakafungua misheni ya Kigonsera, mahali ambapo nchi ya Wangoni inakutana na nchi ya Wamatengo, kwenye njia inayopanda kutoka Songea kwenda Mbinga. Upande wa Ziwa Nyasa ulikuwa wa Waanglikana wa UMCA, waliokuwa na makao yao kisiwani Likoma tangu miaka ya 1880, na waliojenga Liuli kuwa kituo chao kikubwa kwenye ufuo wa upande wa Tanganyika. Kwa hiyo mtoto wa Mbinga na mtoto wa Nyasa walikutana na shule kwa madhehebu mawili tofauti, lakini shule yenyewe ilifanana sana: kibanda cha miti na nyasi, katekista mmoja, ubao mmoja, na watoto wakiimba silabi kwa pamoja.

Vita vya Maji Maji vilipita katikati ya jambo hili. Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss, mwanzilishi wa Peramiho, aliuawa akiwa safarini kuelekea Liwale. Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea. Kisha ikafuata njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi. Majengo ya misheni yaliyoharibiwa yalijengwa upya na shule zikaendelea. Watoto walioingia katika shule hizo miaka ya baada ya vita wengi walikuwa wameona njaa na vifo vya wazazi. Daftari za shule zilihesabu waliohudhuria. Namna mtoto aliyezika mama yake anavyoshindwa kukumbuka somo la jana haikuwa na safu yake ya kuandikwa.

Wakati wa utawala wa Waingereza Kigonsera ikawa seminari ndogo, yaani mahali pa kuchagua vijana wa upadre kutoka kusini yote. Benjamin Mkapa, aliyekuja kuwa Rais wa Tanzania mwaka 1995, alipita hapo miaka ya 1950 baada ya kuanzia kwao Lupaso na Ndanda, kabla ya kwenda Pugu. Jina la Kigonsera likawa jina la vichwa. Ilikuwa haki yake. Elimu ilikuwa kali na walimu walikuwa na subira ya kitawa. Lakini seminari ni chekeche. Kila mwaka kijana fulani alirudishwa nyumbani na kisanduku chake, akapokelewa na ukoo uliokwisha kumwita padre. Shule za kawaida zilifanya vivyo hivyo kwa idadi kubwa zaidi: mtihani wa darasa la nne uliwakata wengi, na waliovuka walikatwa tena kwenye darasa la nane. Kwa njia hiyo alizaliwa mtu ambaye sengu haikumjua: mtoto aliyefeli. Kabla ya mtihani kulikuwa na watoto wazito, wapole, watundu na wasahaulifu. Baada yake kukawa na makundi mawili tu.

Lugha iliongeza kundi la pili. Mtoto aliyelelewa kwa Kimatengo au Kingoni alianza shule kwa Kiswahili, na akibahatika kuendelea alihamia Kiingereza. Hali hiyo bado ipo kwa sehemu kubwa: Kiswahili shule ya msingi, Kiingereza kuanzia kidato cha kwanza. Mwalimu anayemwona mtoto amekaa kimya darasa la kwanza hana njia rahisi ya kujua kama mtoto hasikii vizuri, hajui lugha, anaogopa, au kweli ana tatizo la kujifunza. Kiswahili chenyewe huficha tatizo moja. Kwa kuwa maandishi yake yanafuata sauti, ba ni ba popote, mtoto mwenye disleksia, yaani tatizo la kujifunza kusoma, anaweza kuzijua silabi zote na kusoma bila makosa mengi. Anasoma tu polepole mno. Kidole kinatambaa chini ya mstari, «ma-ta-wi», anarudi nyuma, «ma-ta-wi ya», na akifika kwenye nukta amesahau sentensi ilianzaje. Mwalimu anaandika kwamba anajua kusoma. Miaka saba baadaye, mbele ya Kiingereza kisichofuata sauti, mtoto huyo huyo anaporomoka, na kila mtu anashangaa au anamwita mvivu.

Wakati shule ikichuja, serikali na makanisa yalikuwa yameanza kujenga mahali pa waliochujwa, lakini mbali. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianzishwa mwaka 1896 na Walutheri wa Kijerumani kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 ikageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Mwaka 1927 Waingereza wakafungua Mirembe, Dodoma. Kwa mtu wa Kigonsera, Dodoma ilikuwa safari ya siku nyingi, na aliyepelekwa huko mara nyingi alipelekwa na polisi kwa kuwa amefanya fujo. Mtoto mwenye huzuni nzito hafanyi fujo. Kwa muda mrefu neno Mirembe lilitumika kusini kama tusi, na tusi hilo lilimfanya mzazi afiche ugonjwa hata pale ambapo dawa ilikuwapo.

Mfano uliochunguzwa vizuri zaidi wa mtoto mgonjwa na mzazi asiye na msaada hautoki Mbinga bali Mahenge, kaskazini ya Songea, kwa Wapogoro. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alifika huko mwishoni mwa miaka ya 1950 na kukuta kifafa kimeenea kuliko alivyowahi kuona. Mtoto akianguka, watu walirudi nyuma, kwa kuwa mate na povu la mgonjwa viliaminika kuambukiza. Ndiyo maana majeraha yake makubwa mengi yalikuwa ya moto: alianguka jikoni na hakuna aliyethubutu kumvuta. Alitengewa sahani, hakuchezewa, na shule ilikuwa ndoto. Mwaka 1960 Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa akitumia vidonge vya fenobabito, dawa ya zamani na ya bei ndogo. Vidonge vilifanya kazi, lakini kwa watoto wale tu ambao nyumbani kulikuwa na mtu wa kuwapa kila siku, bila kuruka, mwaka baada ya mwaka. Kliniki ililazimika kumfundisha mzazi kwanza: kwamba mtoto anaweza kuguswa, kwamba kidonge hakiachwi kwa sababu mwezi umepita bila kuanguka. Jilek-Aall alieleza pia watoto waliokuwa wakitikisa kichwa, hali ambayo miongo kadhaa baadaye ilitikisa Sudani Kusini na kaskazini ya Uganda na kuhusishwa na usubi, ugonjwa wa minyoo unaoenezwa na inzi wa kwenye mito. Usubi uko Ruvuma vilevile.

Jaribio lililojibu swali la malezi kwa upana zaidi lilifanyika Songea vijijini, si mbali na Kigonsera. Ushirika wa vijiji uliojulikana kama Ruvuma Development Association ulianza na vijana wa TANU waliohamia Litowa, ukaandikishwa mwaka 1963, na kufikia mwisho wake ulikuwa na vijiji 17. Ntimbanjayo Millinga aliuongoza na Mwingereza Ralph Ibbott alikuwa mshauri. Wanavijiji walikuwa na shule yao Litowa, chini ya Mwalimu Suleman Toroka, ambako watoto wa vijiji mbalimbali waliishi pamoja, walilima, na walijadili mambo ya shule yao wenyewe. Elimu yao haikulenga mtihani bali maisha ya kijiji walichotoka. Ukiisoma Elimu ya Kujitegemea, waraka wa Nyerere wa Machi 1967, na hasa pale unapolaumu shule zinazowaandaa wachache na kuwaacha wengi wakijiona wameshindwa, ni vigumu kutoikumbuka Litowa. Shule hiyo haikuwa na mtaalamu wa watoto wenye mahitaji maalumu, na hakuna aliyelitumia neno hilo. Ila mtoto asiyeweza vitabu hakuwa mtu wa kurudishwa, kwa kuwa wazazi wake walikuwa wenye shule. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliupiga marufuku ushirika huo, mali zikachukuliwa, na walimu wakahamishwa. Katika historia nzima ya malezi ya Ruvuma huo ndio uamuzi mbaya kuliko wote, na ulitolewa na chama kilichokuwa kikisifu wazo lile lile.

Mambo mawili ya miaka ya 1970 yaliigusa kila nyumba. La kwanza ni shule za misheni kuingia mikononi mwa serikali kufuatia Sheria ya Elimu ya 1969, kisha Elimu ya Msingi kwa Wote, iliyoanza mwaka 1977. Sheria ya Elimu ya 1978 ikamfanya mzazi asiyeandikisha mtoto kuwa mkosaji. La pili ni kuhamia vijijini. Ukoo uliokuwa umekaa kwenye mteremko wake uliletwa barabarani na kugawanywa kwa viwanja, na mlo wa jioni ukawa wa kila nyumba peke yake. Sengu haikukatazwa, ilikosa uwanja. Hivyo katika muongo ule ule ambapo sheria ilileta kila mtoto darasani, wakiwemo wale ambao zamani wangebaki shambani na ngolo zao, mzazi alipoteza baraza lililokuwa likimsaidia kuwafahamu. Madarasa yalijaa, walimu wengi walikuwa vijana waliofundishwa haraka, na kwa asiyejua kusoma jibu lililokuwa karibu lilikuwa kiboko. Kanuni za mwaka 2002 zimeweka kikomo cha viboko vinne, tena kwa mkono wa mwalimu mkuu au aliyemwidhinisha. Kanuni hiyo ingali inakubali kwamba mtoto apigwe, na hakuna kiboko kilichowahi kumfundisha mtoto mwenye disleksia herufi moja.

Elimu maalumu ilipanda kwa ngazi, na ngazi zake zinaonyesha ulemavu gani ulionekana kwanza. Buigiri, Dodoma, ilifunguliwa mwaka 1950 kwa wavulana wasioona. Tabora ilipata shule ya viziwi mwaka 1963. Madarasa ya watoto wenye ulemavu wa akili yalisubiri hadi mwaka 1982, na ya watoto wenye usonji hadi miaka ya 1990. Kadiri tatizo lilivyojificha zaidi ndani ya kichwa, ndivyo lilivyochelewa kupewa darasa. Matatizo ya kusoma, kuhesabu na kutulia hadi leo hayana darasa. Ruvuma ilipata bahati yake kupitia watawa. Masista wa Mtakatifu Vinsenti wa Paulo kutoka Untermarchtal, Ujerumani, walifika Maguu mwaka 1960, wakajenga nyumba yao kuu Mbinga, na Songea wakaendesha shule ya viziwi ya Ruhuwiko. Mtoto aliyekuwa akiitwa bubu kijijini alipata huko lugha ya alama. Akirudi likizo alikuta mama yake haijui, na likizo ikawa mwezi wa kunyamaza tena.

Afya ya akili ilianza kusogezwa karibu na watu kuanzia mwaka 1980, mpango wa taifa ulipojaribiwa Morogoro na Kilimanjaro kwa kuwafundisha wahudumu wa zahanati na vituo vya afya kutambua na kutibu magonjwa ya kawaida ya akili na kifafa. Mpango ulisambaa mikoani, lakini ulifikiriwa kwa mgonjwa mtu mzima. Kisha ikaja miaka ya 1990: bei ya kahawa, iliyokuwa imesomesha watoto wa Mbinga tangu wakati wa Chifu Chrisostomus Makita wa Wamatengo, ilianguka, chama kikuu cha ushirika MBICU kikafa, na UKIMWI ukaacha watoto kwa bibi zao. Bibi mwenye wajukuu wengi na kahawa isiyo na mnunuzi hakuwa na nafasi ya kumpeleka mmoja wao Songea kupimwa masikio.

Katika miaka hiyo na iliyofuata sengu ilirudi, kwa mlango usiotarajiwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto walifanya kazi Kindimba, wakajifunza ngolo, na katika kujenga na wanakijiji kinu cha kusaga kinachoendeshwa na maji wakaunda Kamati ya Sengu. Jina la kale lilipewa kazi ya maji, misitu na mabwawa ya samaki. Watoto, waliokuwa sehemu ya mazungumzo ya sengu ya kwanza, hawakuwamo kwenye ajenda.

Sheria zimekuja kwa wingi tangu hapo: Sheria ya Afya ya Akili ya 2008, Sheria ya Mtoto ya 2009, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, na mkakati wa elimu jumuishi ulioanza 2009. Mtaala wa 2015 ulilipa darasa la kwanza na la pili kazi moja kubwa, Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na hilo lilimsaidia mwalimu kuona mapema nani amekwama. Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, mpango wa taifa unaomtaja mzazi kama mtu wa kusaidiwa, wala si wa kuagizwa tu. Inazungumzia afya, lishe, ulinzi, kujifunza na malezi yenye mwitikio kwa pamoja, na utekelezaji wake umeshushwa hadi kwenye vikao vya wazazi kijijini, ambako mama hukaa na wenzake na kusema mtoto wake anafanya nini. Mzee wa Kimatengo angekitambua kikao hicho mara moja, ila angeuliza chakula kiko wapi.

Programu hiyo inamhusu mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Mtoto wa darasa la tatu mwenye miaka 9, ambaye mwalimu ndiyo kwanza amegundua kwamba hasomi, ameivuka kwa mwaka mmoja.